Waalikwa wameharisha baada ya walima: uchunguzi uanzie wapi?

Shughuli imekwisha Jumamosi jioni na masinia yamerudishwa kwa wenyewe. Kufikia Jumapili mchana zahanati za Majengo, Bondeni na Kisauni, hapa Mombasa, zina watu wanaoharisha na kutapika, na wote wanaitaja walima moja. Matibabu yana wenyewe. Afisa wa afya ya umma wa wadi, au mwanafunzi wa afya ya jamii aliye mazoezini chini yake, ana swali lake: ni chakula gani kilicholeta haya, na kiliharibikia katika hatua ipi?

Njia za kulijibu ni nne. Unaweza kuwahoji wote waliokula. Unaweza kuwalinganisha wagonjwa wachache na wazima wachache. Unaweza kupeleka sampuli maabara. Unaweza kuingia jikoni na kuifuatilia sufuria tangu nyama inunuliwe. Vitabu huzitaka zote nne. Kwenye wadi yenye maafisa wawili na pikipiki moja hazifanyiki zote, na ile unayoianza Jumapili ndiyo itakayoamua utakuwa umejua nini ifikapo Ijumaa.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba chakula kisicho salama huwatia maradhi watu milioni 600 kila mwaka na kuwaua 420,000, na kwamba ukizingatia idadi ya watu, Afrika ndiyo yenye mzigo mzito zaidi. Haya ni makadirio kwa sababu milipuko mingi hupita bila mtu kuitafuta asili yake. Watu hutapika, hunywa madafu, wakapona, na mpishi akaitwa tena wiki ijayo.

## Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni orodha. Je, unaweza kumfikia kila aliyekula, mgonjwa na mzima, au unawajua waliofika zahanati tu?

Cha pili ni saa, na kwangu mimi hiki ndicho kizito. Mabaki ya chakula hutupwa na masufuria kuoshwa siku ileile. Choo cha mgonjwa huwa na ushahidi kwa siku chache, pungufu ya hapo kama ameshameza Flagyl ya duka la dawa. Kumbukumbu ya alichokula mtu huanza kupwaya kabla ya wiki kwisha. Mazoea ya jikoni, kwa upande mwingine, hayaendi popote: mpishi atapika vivyo hivyo mwezi ujao.

Cha tatu ni mikono na fedha. Cha nne ni aina ya jibu, maana kuna njia inayotaja chakula, nyingine inataja kimelea, nyingine inataja kosa, na wengi huzichanganya. Cha tano hakimo vitabuni lakini Mombasa kina nguvu zake: staha. Harusi ni heshima ya nyumba. Ukiwajia watu kwa namna ya askari, utaambiwa kwamba hakuna aliyeumwa, ni joto tu.

## Kazi moja kabla ya kuchagua

Njia yoyote utakayoishika, andika kwanza nani atahesabiwa mgonjwa. Mfano: mtu yeyote aliyekula chakula cha walima ile, akaharisha mara tatu au zaidi kwa siku au akatapika, ndani ya saa 72 baada ya kula. Bila mstari huo, mwenye kiungulia na mwenye kuhara damu wataingia kapu moja.

Kisha uliza ugonjwa ulianza lini hasa. Kutapika ndani ya saa moja hadi sita kunaelekeza kwenye sumu iliyokwisha kutengenezwa ndani ya chakula, ya Staphylococcus aureus au Bacillus cereus. Tumbo kukata na kuhara bila homa, saa 8 hadi 16 baada ya kula, ni mwenendo wa Clostridium perfringens, bakteria anayependa masufuria makubwa ya nyama. Kuhara pamoja na homa baada ya nusu siku hadi siku tatu humleta Salmonella mezani. Uso kuwaka na mwili kuwasha punde tu baada ya kula jodari ni histamini, sumu inayojengeka kwenye samaki aliyekaa nje ya barafu. Na macho yakiwa ya manjano kwa homa ya ini aina ya A, usiiandame harusi ya juzi: ugonjwa huo huchukua siku 15 hadi 50 kujitokeza.

Jihadhari na saa zenyewe. Mama akikwambia "saa nane usiku", karani aliyezoea saa ya simu anaweza kuandika 8:00 pm, yaani saa mbili usiku wa jana, na mpangilio wako wote ukapinduka. Kwenye hojaji weka mchana, jioni, usiku wa manane na alfajiri kando ya saa.

## Njia ya kwanza: kuwahoji wote waliokula

Inafanyikaje. Unamuuliza kila mwalikwa, aliyeugua na asiyeugua, alikula nini na nini. Kwa kila chakula unatoa viwango viwili vya kuugua, cha waliokila na cha wasiokila. Tuseme umewahoji watu 120. Waliokula pilau ni 80 na 40 kati yao wameugua, yaani asilimia 50. Wasioila ni 40 na walioumwa ni 4, asilimia 10. Hatari kwa mla pilau ni mara tano. Kwa kachumbari, wameugua 28 kati ya walaji 70 na 16 kati ya 50 wasioila: asilimia 40 dhidi ya 32. Tofauti hiyo ni ndogo, na pengine kachumbari inaonekana hivyo kwa kuwa wengi waliila pamoja na pilau.

Darasa la kale la njia hii ni karamu ya kanisa katika wilaya ya Oswego, jimbo la New York, Aprili 1940. Walihojiwa watu 75, wagonjwa wakawa 46, na hesabu za namna hii zikaielekeza lawama kwenye aiskrimu ya vanila. Wanafunzi wa epidemiolojia, elimu ya milipuko ya maradhi, wanaipitia hadi leo.

Inataka nini. Orodha. Kadi za mwaliko hazitoshi, kwa kuwa walima za hapa watu huja kwa kusikia. Kundi la WhatsApp la kamati ya harusi lina manufaa zaidi, pamoja na mama mmoja anayejua nani alikaa wapi upande wa wanawake. Watu wawili wenye simu na salio wanaweza kumaliza waalikwa mia kwa siku mbili tatu. Gharama ni ndogo.

Inajibu nini. Inataja chakula, na inakupa kiwango halisi cha hatari. Haikutajii kimelea.

Inakwama wapi. Kwenye sinia. Watu wanaokula sinia moja wamekula pilau ileile, kachumbari ileile na ndizi zilezile, na kama karibu kila mtu alikula pilau, humpati asiyekula wa kumlinganisha naye. Hapo usiulize "ulikula nini?" pekee. Uliza ulikula zamu ya ngapi, upande wa wanaume au wa wanawake, na sufuria yenu ilitoka wapi. Mara nyingi pande hizo mbili hupakuliwa masufuria tofauti, na tofauti ya kiwango cha kuugua kati yao husema mengi kuliko tofauti ya vyakula. Watafute pia waliopelekewa chakula nyumbani bila kufika: aliyeletewa pilau tupu, bila kachumbari wala juisi, ni shahidi asiye na bei.

Ujerumani ilitumia ujanja wa jamaa hii mwaka 2011, wakati bakteria wa E. coli aina ya O104:H4 alipowatia maradhi watu zaidi ya 3,800 na kuua zaidi ya 50. Watafiti waliyachukua makundi yaliyokula kwenye mkahawa mmoja, wakaenda kwa wapishi kuuliza kila sahani iliwekwa nini, badala ya kuwategemea walaji wakumbuke. Hapo ndipo mbegu zilizochipua zikajitokeza.

Staha. Nzuri. Kila mtu anaulizwa maswali yaleyale, kwa hiyo hakuna anayenyooshewa kidole.

Inamfaa nani. Mwenye shughuli yenye mipaka: harusi, matanga, bweni la shule, semina hotelini Nyali.

## Njia ya pili: kuwalinganisha wagonjwa na wazima

Inafanyikaje. Huna orodha, una wagonjwa tu. Wamekuja mmoja mmoja kutoka Likoni, Changamwe na Kongowea, na hakuna shughuli inayowaunganisha. Unachukua wagonjwa hao, na kwa kila mmoja unatafuta mzima mmoja au wawili wa mtaa ule na umri wa karibu, kisha unawauliza wote mambo yaleyale. Tuseme wagonjwa ni 30 na wazima 60. Waliokunywa maji ya ukwaju ya kibanda fulani ni wagonjwa 24 na wazima 20. Kwa wagonjwa, waliokunywa kwa wasiokunywa ni 24 kwa 6, yaani nne kwa moja. Kwa wazima ni 20 kwa 40, nusu kwa moja. Gawanya: nane. Usiitangaze kama "hatari mara nane", kwa sababu hujui ni wangapi walikunywa kwa jumla mjini, ila uhusiano ni mkubwa na kibanda kinastahili kutembelewa leo.

Inataka nini. Wagonjwa wachache waliothibitika, na uvumilivu wa kutafuta wazima wa haki. Hapa ndipo kazi inapoharibikia. Ukiwachukua wazima kutoka foleni ya kliniki ya Coast General, Makadara kama wenyeji wanavyoiita, umechukua watu wenye maradhi mengine na lishe nyingine. Piga hodi nyumba ya tatu kutoka kwa mgonjwa.

Inajibu nini. Inataja chakula au tabia inayohusiana na ugonjwa, hata pale ugonjwa unapokuwa nadra. Kenya tunao mfano wetu. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliwapata watu 317 katika maeneo ya Ukambani na jirani zake, na 125 wakafariki. Watafiti waliwalinganisha wagonjwa 40 na wazima 80, wakapima mahindi yao na damu yao, wakaona kwamba hatari ilikuwa kwa waliohifadhi mahindi ya shamba lao yakiwa na unyevu. Kwa kijiji hadi kijiji kilichotawanyika namna ile, njia ya kwanza isingewezekana.

Inakwama wapi. Kumbukumbu. Mgonjwa amekaa siku tatu akiwaza ni nini kilichomdhuru, mzima hajawaza lolote, na kumbukumbu zao haziwi na uzito sawa. Ujerumani, kabla ya ule ujanja wa mikahawa, mahojiano ya mwanzo yaliwaelekeza watu kwenye nyanya, matango na majani ya saladi, na matango ya Hispania yakashutumiwa bure. Ni robo tu ya wagonjwa waliokumbuka kula mbegu zilizochipua, kwa kuwa zilikuwa zimenyunyizwa juu kama pambo. Kwetu hatari hiyo iko kwenye pilipili ya maembe, achari na chatini. Hakuna anayezihesabu kuwa chakula, basi ziandike kwenye hojaji kwa majina.

Staha. Wastani. Mzima huuliza kwa nini anahojiwa, na jina la kibanda husambaa kabla hujamaliza hesabu. Taja vibanda vingi, usitaje kimoja.

Inamfaa nani. Wa visa vilivyotapakaa mjini na mwanafunzi mwenye muda na bajeti ndogo.

## Njia ya tatu: sampuli na maabara

Inafanyikaje. Unachukua choo cha wagonjwa kadhaa kabla hawajaanza antibiotiki, mabaki ya chakula, pengine na maji ya mtungi. Choo kisichofika maabara upesi kiwekwe kwenye chombo chenye mchanganyiko wa Cary-Blair, unaowahifadhi bakteria wakiwa hai njiani. Chakula kiwekwe kwenye chombo safi, ndani ya kikapu chenye barafu.

Inataka nini. Vyombo vilivyo tayari kabatini kabla mlipuko haujatokea, usafiri, maabara inayokubali kuotesha siku ya Jumapili, na fedha. Ukishuku dawa ya wadudu au kemikali nyingine, mlango ni wa Mkemia wa Serikali, na ofisi yao iko Mombasa.

Inajibu nini. Inataja kimelea, na ikimpata huyohuyo chooni na chakulani, mjadala umekwisha. Afrika Kusini, kwenye mlipuko wa Listeria wa 2017 na 2018 uliowapata watu 1,060 na kuua zaidi ya 200, usomaji wa jenomu, yaani vinasaba vyote vya bakteria, ndio uliowaunganisha wagonjwa wa majimbo mbalimbali kwenye aina moja ya bakteria na hatimaye na kiwanda kimoja cha polony, soseji nene iliyo tayari kuliwa, kule Polokwane. Ugonjwa unaochukua hadi siku 70 kujitokeza usingepatikana kwa kuwauliza watu walikula nini.

Inakwama wapi. Majibu huja baada ya siku, na "hakikuota kitu" hakumtakasi mtu. Sumu ya Staphylococcus haiharibiwi na kuchemsha: bakteria anaweza kuwa amekufa moto ulipowashwa tena na sumu ikabaki. Kinyume chake, kumpata Clostridium perfringens chooni peke yake hakuthibitishi lolote, kwa sababu huishi matumboni mwa watu wazima wa afya. Wataalamu hutaka kumwona chakulani kwa wingi wa 100,000 au zaidi kwa gramu. Basi mweleze mtu wa maabara unachokishuku. Fomu iliyoandikwa "chunguza chakula" hurudi na jibu la namna hiyohiyo.

Staha. Kuomba choo cha shemeji wa bwana harusi kunahitaji moyo. Mhudumu wa afya wa mtaa, anayejulikana nyumba ile, ataleta vikopo vitano wakati wewe hujapewa hata kimoja.

Inamfaa nani. Aliyefika mapema.

## Njia ya nne: kuifuatilia sufuria

Inafanyikaje. Unakaa na mpishi mkapitia siku nzima: nyama ilinunuliwa wapi na saa ngapi, ilikatwa na nani, ilichemka lini, ilikaa wapi, ilipakuliwa lini, maji yalitoka mfereji gani au mkokoteni gani. Kila hatua andika joto na muda.

Pilau ya harusi hufundisha vizuri. Mchele na nyama vikipikwa usiku kwa ajili ya mchana, sufuria ya kilo nyingi ikaachwa imefunikwa, katikati yake hubaki vuguvugu hadi asubuhi. Usiku wa Mombasa hauna baridi ya kupoza chombo kama hicho. Mbegu za perfringens hustahimili mchemko, kisha kwenye vuguvugu huamka na kuongezeka maradufu kwa chini ya robo saa. Bacillus cereus hufanya vivyo hivyo kwenye wali. Kuna mambo mawili tu ya kuuliza: je, makaa yaliyopaliwa yaliiweka juu ya nyuzi 60 muda wote, na kama haikuliwa moto, je, iligawanywa kwenye masinia mapana na kuingizwa kwenye baridi mapema?

Inataka nini. Kipimajoto cha chakula, daftari, na mtu mmoja mwenye ulimi laini. Ndiyo rahisi kuliko zote.

Inajibu nini. Inataja kosa, na kosa ndilo linalozuilika. Njia tatu zilizotangulia zinaweza kukuambia "pilau" bila kukueleza afanye nini mpishi atakapoitwa tena.

Inakwama wapi. Unaona jikoni la leo, si la Jumamosi, na kila jikoni lina makosa. Ukiingia bila dalili nyingine utayaona mengi na kuchagua lisilohusika. Nzi mezani huvutia macho kuliko saa nane za vuguvugu. Vyeti vya afya vya wahudumu, vya kila miezi sita, vikaguliwe, lakini cheti hakizuii kidole chenye jipu kushika sambusa wiki inayofuata.

Staha. Hapa ndipo inapopimwa kweli, maana ni riziki ya mtu. Anza na "nifundishe unavyopika" na ueleze mapema kwamba majina hayaingii kwenye ripoti. Ukitishia kumfungia, utapata hadithi ya jikoni ambalo halijawahi kuwapo.

Inamfaa nani. Ofisi isiyo na chochote, na yeyote anayetaka kinga kuliko karatasi.

## Kwa hali yako

Ukipata habari ndani ya siku moja na mabaki bado yapo, vikopo na barafu vitangulie, hata kama hujajua utahoji nani. Unayahifadhi kwenye friji ya kituo; kupimwa kunaweza kungoja mahojiano yaonyeshe sahani ipi.

Ukijulishwa siku ya tano na waalikwa wanajulikana, mahojiano ya wote yana nafasi kubwa kuliko maabara. Na kama wageni wamesharudi Lamu, Nairobi na Muscat, wapigie. Kwa simu watu husema ambayo wasingeyasema mbele ya mama wa harusi.

Visa vikiwa vimetapakaa bila shughuli moja, linganisha wagonjwa na wazima, lakini kwanza zungumza kwa kina na wagonjwa watano au sita ili ujue uulize nini. Hojaji iliyonakiliwa kutoka nchi nyingine itauliza jibini na kuiacha mbaazi ya nazi.

Ukiwa peke yako, bila gari wala bajeti, nenda jikoni, ila chukua nawe saa za kuanza kwa ugonjwa za wagonjwa kumi. Hizo zitakuzuia kukimbilia kosa lisilolingana nazo: kuhara kulikoanza saa 12 baada ya kula hakuelezwi na jipu la kidole cha mpakuaji, kunaelekeza zaidi kwenye sufuria iliyokaa.

Kwa tasnifu, usichague kwa ugumu wa takwimu. Chagua kwa ushahidi utakaoweza kuufikia kweli. Afrika Kusini watoto wa kituo cha kulelea cha Soweto walipougua Januari 2018, maafisa wa afya ya mazingira walifungua friji ya kituo, wakachukua polony, na maabara ikaunganisha mengine. Mguu wa afisa mmoja na kikopo kimoja vilifaa kuliko hojaji ndefu.

Na ukiona choo kama maji ya mchele, mtu mzima akiishiwa maji kwa saa chache, usikae kulinganisha njia. Ishuku kipindupindu, kaunti ijulishwe siku hiyohiyo, wagonjwa wapewe maji ya chumvi na sukari ya ORS njiani kwenda kituoni, sampuli zichukuliwe kabla ya dawa, na maswali yaulizwe huku klorini ikiwa imeshatiwa kisimani.